Simiti Juu ya Mama

Jirani anapiga plasta, na harufu ya simiti mbichi inanikuta nimembeba mtoto wangu, homa yake haijashuka. Kwa mawazo narudi Paya, kijijini kwetu, nikiwa mtoto, siku mafundi walipokuja kujengea kaburi la mama kwa simiti. Nililala juu ya udongo nikakataa kutoka.

“Mchungaji alisema atafufuka! Mkimfungia hivi, atatokaje?”

Wanaume wakacheka. Hadi leo nawachukia. Shangazi akanivuta sikio, “Toka hapo, mjinga wewe!”

Nyanya peke yake ndiye aliyenijibu. “Mjukuu wangu, Yesu aliwekewa jiwe, na askari juu, akatoka. Sembuse simiti ya fundi huyu, ambayo hata mvua inaipasua?”

Fundi akanuna. Nikainuka, nikaenda kisimani kuwachotea mafundi maji ya kukorogea simiti.