Mursik Niliyompa Meneja Mapema

Mpaka leo nikienda soko Bomet napitia upande wa wauza viazi, maana upande ule mwingine hukaa wanawake tuliochuna nao majani chai, na wakiniona wanajipangusa midomo na kucheka. Wana haki. Mimi, na huu uzee wangu wote, ndiye niliyevunja mgomo wao bila kutumwa na mtu.

Mashini za kuchuna chai zilikuwa zimeletwa shambani, na msichana wangu Chelangat, mwenye watoto wadogo na bwana wa kulala tu, alikuwa kati ya wale wangefutwa. Wakagoma. Akaitwa mpatanishi, mama mmoja mpole wa serikali, akaweka meneja chumba kimoja na yunioni chumba kingine, yeye akawa anatembea katikati akibeba maneno ya huyu kwa yule. Yunioni waliniweka upande wao kwa sababu nimechuna chai tangu usichana na siogopi mtu (hiyo sifa nilijipa mwenyewe, wao walikubali tu). Mpatanishi alituonya kitu kimoja: mpaka pande zote ziweke sahihi, mtu asionyeshe chochote nje.

Mimi nilikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kwetu huendi kwa jambo zito mikono mitupu, na maziwa yangu ya kibuyu, wacha nijisifu, kijiji chote hakuna anayeyapata hivyo. Mchana mpatanishi akarudi akitabasamu, akasema meneja amekubali mashini zisifike mashamba ya juu, yale ya kina Chelangat, imebaki kuandika. Moyo ukanijaa. Wengine wakiinamia karatasi, nikachukua kibuyu na kikombe, nikavuka mpaka barazani ambapo meneja alikuwa amesimama kupata hewa, nikammiminia. Akanywa yote, maskini, kwa heshima tu.

Sasa, watu walikuwa wamejaa pale langoni wakitazama. Na Mkipsigis wa kwetu akiona mtu ananyweshwa mursik baada ya vita vigumu, haulizi: jambo limeisha, tumeshinda. Wanawake wakapiga vigelegele, wakabeba vikapu, wakashuka shambani wakiimba, Chelangat mbele yao akinipungia mkono. Na mimi nikampungia, mjinga mimi. Nilipokumbuka kuwaita warudi, nani angesikia na ule wimbo?

Meneja akatazama vikapu vikipotea kwa chai, akajifuta mdomo pole pole.

"Madam," akamwambia mpatanishi, "kama wamerudi kazini wenyewe, mimi naandika nini tena?"

Mpatanishi akamweleza kwamba yale yalikuwa maziwa tu, si mkataba. Wakabishana mpaka jioni, lakini meneja hakurudi pale alipokuwa amefika, na kuwatoa watu shambani mara ya pili kulishindikana, maana mgomo ulikuwa umeshawamaliza kwa njaa. Mpatanishi akinipita akaniambia chini chini, kwa jina letu la nyanya, "Kogo, si ungeniuliza kwanza?"

Mashini ikapanda juu. Chelangat sasa anafulia watu nguo Kericho, na watoto wamebaki kwangu. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Jumapili akija, anauliza kama nimekula. Mimi nimeapa, jambo la watu likiwa halijaandikwa na kusomwa mbele ya wote, nitakaa chini, mikono kwa mapaja, uso mkavu, hata kama ndani nimejaa furaha. Furaha yangu ndiyo ilimfuta mtoto wangu kazi.