Kichwa Hakiachwi Nusu

Ukitaka kumkasirisha Mama Achille, mwite maskini. Umwite mkimbizi, umwite yale majina ya kejeli tunayopewa wageni mitaani, atacheka na kuendelea na kazi. Lakini maskini, hapana. "Mi niko msusi," husema. "Maskini njo kazi gani?"

Jina lake ni Marcelline, Mkongo wa Uvira. Mimi ni Godelive, Mrundi wa Rumonge. Kwetu tulitenganishwa na ziwa. Durban tukatenganishwa na kiti kimoja cha plastiki, maana tulisuka nywele bega kwa bega kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya jiji, chini ya mwavuli wake mkubwa. Wakongo wanapenda vitu vikubwa, mwavuli, sauti, hata marashi. Nalisema hili mapema ili msidhani namsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Kuna siku nilitamani kumkaba koo.

Uvira alikuwa akiuza samaki wakavu. Askari walipozoea kupita sokoni na kuchota bila kulipa, ni yeye aliyewashawishi wanawake wenzake wafunge meza zote, wenye bunduki wakala ugali bila kitoweo. Walimchapa. Alipopona mgongo akafungua meza yake palepale. Kisha vita vikaja, na vita havina meza ya kufunga, akambeba mwanawe Achille mgongoni na kupanda malori mpaka huku mwisho wa bara. Alipofika hakuniomba chakula. Aliniomba kitana, na mpaka leo hajanirudishia.

Sasa, mwaka wa tisini na tisa ukaja mkutano mkubwa. Wakubwa wa nchi nyingi walikuwa wanakuja kujadili umaskini wa dunia, kwenye ukumbi ulio hatua chache kutoka kwetu. Siku moja kabla, akatujia Mkhize, mkuu wa walinzi waliokodiwa na wenye mkutano. Alifuatana na mama wa Kizungu wa shirika fulani, Henriette, mpole, mwenye kofia ya majani. Mkhize akasema tupishe siku tatu, wageni wasione fujo. Henriette akaongeza kwa Kifaransa kwamba kila atakayebaki nyumbani atapewa mfuko wa unga, maharage na mafuta.

Marcelline hakusimama. Vidole vyake vilikuwa kichwani mwa mteja.

"Madame, bale bakubwa beko nakuya kusema juu ya nani?"

"Juu yenu," Henriette akasema. "Ni kwa faida yenu."

"Banasema juu yetu, alafu siye tutoke? Mi sitoke. Unga sikuomba."

Msidhani ni jeuri tupu. Tulijua maana ya "siku chache". Kiangazi kilichopita, wenye majengo walikuwa na sherehe yao, wakawaomba wasusi wa kona ya juu wapishe siku mbili. Waliporudi walikuta vyungu vya maua vya saruji, vikubwa kama mapipa, vimepandwa pale walipokuwa wakiweka viti. Laurette, msusi hodari kuliko sisi sote wawili, siku hizi anafua mashuka ya watu kule mtaa wa Point. Ukiinuka, umekwisha. Na Marcelline hakuwa na kitu kingine chochote nchini humu isipokuwa nafasi ile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuja nalo mkononi. Hawa walitaka kutunyang'anya jembe, watupe unga. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Jioni, tukifunga mwavuli, Marcelline akaninong'oneza, "Dada Godé, kesho asubui usimalize kichwa ya mtu."

Nikamtazama kama amerogwa. Wasusi tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kichwa ukishakianza, unakimaliza. Mvua inyeshe, mwana augue, utamwita mwenzako akupokee, lakini mwanamke hainuki kitini upande mmoja umelala na mwingine timtim. Ni kumvua nguo hadharani.

"Tutabimaliza," akasema. "Lakini hapana haraka. Unaanza huyu, unaacha, unaanza mwingine. Nimeisha kuongea na Thandeka na benzake. Bamekubali."

Thandeka aliuza viatu dukani ng'ambo ya barabara. Alikuja alfajiri na wenzake sita, wakicheka tangu kituo cha teksi. Jua lilipochomoza vichwa vyote saba vilikuwa nusu, upande mmoja mistari michache, mwingine timtim.

Mkhize akafika na gari na walinzi wake. Akatuamuru tuinuke. Thandeka ndiye aliyeinuka, taratibu, akageuza kichwa huku na huku wakione vizuri.

"Nitembee mjini hivi, baba?" aliuliza kwa Kizulu. "Ungemtembeza mama yako hivi?"

Mlinzi mmoja akaangua kicheko. Mwingine akatazama viatu vyake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Eish, Mama," Mkhize akamwambia Marcelline. "Maliza basi, uende. Ni muda gani?"

"Kichwa moja, masaa tatu, papa. Na siye tuko babili tu."

Hapo alielewa amechezewa, na mtu mzima akichezewa mbele ya vijana wake huwa mbaya. Akaamuru wachukue mwavuli. Wakachukua viti vitupu, kisha sanduku la rasta. Mwishowe wakangoja wanawake walioketi wajinyanyue kidogo tu, wakavuta na viti vyao.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Nilifikiri kazi yangu ya kusuka imekwisha, nitafua mashuka na Laurette. Lakini Marcelline alichana boksi, akalitandika chini na kumkalisha Thandeka.

"Beba kiti, papa," akasema. "Kazi yangu haiko mu kiti. Iko mu vidole."

Tukasuka chini, juani, kwa mafungu machache ya rasta yaliyokuwa yamebaki mapajani mwa wateja. Mchana wakubwa wakatoka kwenda kula, suti na vitambulisho shingoni, wakaturuka kama wanaruka dimbwi. Henriette alikuwa nyuma yao na kamera. Akaomba kupiga picha, awaonyeshe watu ukumbini umaskini ulivyo.

Marcelline akaweka kiganja mbele ya kamera.

"Chini ya picha andika: Marcelline, msusi. Kama utaandika maskini, usipige."

Henriette akashusha kamera, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kisha akaondoka.

Kichwa cha mwisho kilimalizika jua likizama. Mkhize akapita akasema kesho anakuja na gari kubwa, na hatachukua viti. Atatuchukua sisi. "Sharp," Marcelline akamjibu, kama vijana wa Durban wasemavyo sawa. Nilitaka kumfinya.

Sikuwa na usingizi wa maana. Alfajiri nilishuka mjini, nikitegemea kumkuta Marcelline peke yake na boksi lake. Nikakosa pa kuweka mguu. Habari za viti zilikuwa zimefika kila mtaa: Laurette alikuwapo, mikono bado inanuka sabuni. Wasusi wa mtaa wa Berea walikuwapo, na wengine ambao sikuwahi kuwaona, Wakongo, Warundi, hata Wazulu waliokuwa wakigombana nasi kila siku juu ya wateja. Kila mmoja alikuwa na mwanamke mbele yake, na kila mwanamke alikuwa na kichwa nusu. Nilicheka mpaka nikalia.

Gari kubwa likaja kweli. Mkhize akashuka, akatembea toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akarudi, akasimama mbele ya Marcelline. Yeye hakuinua macho.

"Papa, unangoja kusukwa?"

Njia nzima ilicheka, na walinzi ndani ya gari wakacheka. Mkhize akajishika upara wake, akapanda gari, wakaondoka.

Mwavuli hakuurudisha. Tulisuka juani mkutano mzima, mpaka wakubwa walipomaliza kutuzungumzia wakapanda ndege zao. Sisi tulibaki.