Vidole vya Mnoaji Oiva

Kwa miaka ishirini na tisa hakuna mchezaji wa Tukkilaiset, timu yetu ya magongo ya barafuni, aliyekanyaga barafu kabla viatu vyake havijapita mikononi mwa Oiva Rantakangas. Mimi nilikuwa nafua jezi chumba cha pili. Kabla ya hapo nilishazunguka sana, kambi za magogo huku na huko, meli mbili, hospitali moja ya kijeshi ambako nilijifunza kufua damu, kisha nikafika mji huu wa Hirsijoki nikipanga kukaa wiki moja na sijaondoka tena. Kwa hiyo ninayosema hapa niliyaona kwa macho, mengine niliyaona kwenye taulo.

Chuma cha kiatu cha barafu hakinolewi kama kisu. Kina mfereji katikati na makali mawili, la ndani na la nje, na kila mchezaji anataka mfereji wake. Mmoja anataka wa kina, aume barafu akikata kona, mwingine anataka wa juujuu, ateleze. Oiva alikuwa nayo yote kichwani, hana karatasi hata moja. Akishanoa analaza sarafu juu ya makali mawili, markka moja ya zamani isiyonunua kitu tena, anaitazama kwa jicho moja. Sarafu ikikaa sawa, kazi ni sawa. Lakini sarafu inaona urefu tu. Kijiuzi cha chuma kinachobaki pembeni baada ya kunoa, hicho haikioni. Hicho kinaonwa na kidole.

Majira yale ya joto timu ilibomolewa kama nyumba. Kocha mzee alifukuzwa mwezi wa tano, wachezaji kumi na mmoja wakaenda na njia zao, na mwezi wa nane wakaja wageni, Wacheki wawili na Mkanada mmoja mwenye meno ya kuazima. Kocha mpya naye akaja, Brunila, mtu wa kusini, mwembamba, anayetembea kama anachelewa treni. Siku ya tatu aliingia chumba cha Oiva na watu wawili wamebeba boksi.

"Hii ni mashine inayonoa yenyewe," akasema Brunila. "Unaingiza kiatu, unabonyeza, unakwenda kunywa kahawa."

"Kahawa nakunywa hivihivi," Oiva akajibu.

"Mzee Oiva, mi sina ugomvi na wewe. Wachezaji wanakupenda, haya, endelea. Lakini mmoja wao akianguka kwa sababu ya makali, mmoja tu, siku hiyohiyo nafungua boksi na wewe unapumzika."

"Na asipoanguka?"

"Asipoanguka mpaka mwisho wa msimu, boksi linarudi lilikotoka."

Wakapeana mikono. Boksi likakaa pale kwenye kona na Oiva akaweka birika lake la kahawa juu yake.

Msimu ukaanza vibaya. Septemba tulipigwa mechi sita, Oktoba tukaanza kuamka. Wageni walijifunza kupasiana, na beki wetu Lampinen, nahodha, mtoto wa mjini hapa ambaye Oiva alimnolea viatu tangu vya saizi ya kikombe, akawa anacheza kama mtu aliyeoa tena. Watu wakarudi ukumbini. Ukienda dukani kununua siki, muuzaji anakuuliza goti la Lampinen linaendeleaje.

Novemba ndipo nilipoanza kuona damu kwenye taulo za Oiva.

Mnoaji hujikata, hilo si ajabu. Ila mtu akijikata anafunga kidonda. Hizi zilikuwa alama za mtu aliyeendelea kujifutafuta bila habari, doa hapa, doa kule, kama kuku aliyepita. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mnoaji anaijua mfua taulo. Nikamwendea na taulo mkononi.

"Kaka, hii ni nini?"

Akaitazama taulo, kisha akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa kimepasuka, kinavuja. Alishtuka yeye mwenyewe.

"Vimekufa ganzi, Arvi," akasema. "Vitatu mkono huu, viwili huu. Hii mashine yangu ya jiwe imenitetemesha miaka yote. Asubuhi vinakuwa vyeupe kama mishumaa."

"Sasa makali unayasikiaje?"

"Siyasikii. Nakumbuka tu yalivyokuwa."

Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia amwambie kocha.

"Nimwambie halafu? Mke wangu Helmi amekufa, nyumba ina saa ya ukutani na mimi. Nitafanya nini Hirsijoki kama sinoi? Nihesabu theluji?"

"Basi niruhusu nipitishe kidole mimi. Mikono yangu ni ya maji, laini kama ya mkunga. Inasikia hata unywele."

"We ufue," akasema Oiva, na hakusema kwa ukali.

Basi nikafua. Ila tangu siku ile sikuona tena mechi. Wenzangu wanaangalia kile kisahani cheusi cha kupiga kwa magongo kinakokwenda, mimi naangalia miguu. Mtu akikata kona kwa kasi, namtazama mpaka anyooke. Mcheki mmoja alianguka mwezi wa kwanza mbele ya benchi letu na nilimwona Brunila akigeuza shingo kutafuta mlango wa chumba cha Oiva. Kumbe alikuwa amekanyaga gongo la mwenzake. Usiku ule sikula.

Tukamaliza wa saba, tukaingia kwenye mtoano, anayetangulia kushinda mechi nne anasonga. Tukapangiwa Merikallio, watu wa pwani, matajiri, waliomaliza wa pili.

Mtoano ukianza hakuna anayenyoa. Mpaka utolewe au ubebe kombe, ndevu zinaota, za wachezaji, za dereva wa basi, za mpiga ngoma wa jukwaa la chini. Oiva zilimtoka nyeupe na ngumu. Mkanada akamwambia anafanana na mswaki wa choo, Oiva akamjibu kwamba yeye angalau meno yake hayalali kwenye glasi. Na mimi nikakatazwa kazi. Ukishinda na fulana, fulana hiyo haifuliwi. Chumba cha nguo kilinuka hata panya walihama. Lampinen alizidi wote, hakubadilisha kitu chochote, hata viatu. Alikuwa na jozi mpya kwenye rafu, lakini akasema ile kuukuu ndiyo iliyotufikisha hapa, chuma chake kimepigiliwa misumari wala hakichomoki, na atakayeigusa jozi mpya atakula gongo.

"Ukikipiga chuma hicho katikati ya mechi," Oiva alimwonya, "sina cha kukubadilishia."

"Una mikono, mzee," Lampinen akasema.

Oiva akainama kufunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Tukashinda, tukapigwa, tukashinda, tukapigwa mara mbili, tukashinda. Tatu kwa tatu. Mechi ya saba ikawa kwao Merikallio, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, ukumbi umejaa watu wa kutuzomea. Mnoaji anasafiri na mashine yake ndogo, tukaifunga kwenye kijichumba nyuma ya benchi, hatua kumi kutoka barafuni, mlango wazi.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, zimebaki dakika saba, tunaongoza mbili kwa moja. Lampinen akajitupa kuzuia kisahani kilichokuwa kinaingia. Alikizuia, lakini mguu wake wa kulia ukapiga mwamba wa goli. Niliusikia ule mlio wa chuma kwa chuma hata juu ya kelele. Akainuka, akasukuma, mguu ukamponyoka kama umekanyaga sabuni. Akafika benchini kwa goti, akaja chumbani anachechemea, ameshafungua kamba.

"Kali la ndani limekufa," akasema. "Fanya haraka, wanatusonga huko."

Oiva akakishika kiatu, akakifunga, jiwe likalia, cheche zikaruka. Mara nne, mara tano. Akakichomoa, akalaza sarafu, jicho moja. Sarafu ilikaa sawa kabisa. Akapaka mafuta, akapitisha kinoo kidogo pembeni, upande huu, upande huu, halafu akapitisha kidole gumba.

Akasimama hapo na kidole juu ya chuma.

"Lete, mzee," Lampinen akasema, mkono umenyooka.

Oiva hakuleta. Nje watu walikuwa wanapiga miguu chini, sakafu ya mbao ikitetemeka. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa za maji, nikamwona anavyonitazama, na nikajua. Akimpa sasa, labda ni salama. Mara mia amempa hivyohivyo tangu Novemba na hakuna aliyeanguka. Na akisema, anasema mbele ya nahodha.

"Arvi," akasema. "Njoo ushike hapa. Vidole vyangu havisikii."

"Havisikii nini?" Lampinen akauliza.

"Havisikii kitu. Tangu Novemba."

Lampinen akanitazama mimi. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ndevu. Nikaweka chupa chini, nikafuta mkono kwenye suruali, nikapitisha kidole. Kali la nje, safi. Kali la ndani, safi, safi, halafu karibu na kisigino, kitu chembamba kama uzi wa kuvulia samaki.

"Kipo," nikasema. "Hapa. Kimelalia ndani."

"Urefu gani?" Oiva akauliza.

"Nusu ya ukucha."

Akachukua kinoo, akapitisha mara mbili kwa kuangalia ncha ya kidole changu nilipoonyesha. Nikapapasa tena. Akapitisha mara moja zaidi.

"Sasa?"

"Sasa hakuna."

Lampinen alivaa bila kutuangalia. Alipofika mlangoni akageuka nikadhani atatukana. Akasema, "Kaza kamba ya juu, Arvi, mi glovu zimelowa," nikakaza, akaenda.

Zile dakika tano zilizobaki nilizitazama kupitia mlangoni, mguu mmoja tu, wa kulia. Merikallio walimtoa kipa wao waongeze mshambuliaji. Zimebaki sekunde arobaini, mtu wao akachomoka pembeni peke yake, na Lampinen alikuwa ameelekea upande mwingine. Alipaswa kugeuka palepale, uzito wake wote juu ya kali moja, la ndani, la kulia. Oiva alikuwa ameketi ndani ameipa barafu mgongo.

"Kageuka?" akaniuliza.

"Kageuka."

"Limeshika?"

"Limeshika. Kakichukua kisahani kwa ncha ya gongo."

Oiva akaanza kuifungua mashine kutoka mezani, bolti moja baada ya nyingine. King'ora kilipolia akawa bado na bolti ya mwisho.

Kesho yake asubuhi niliwahi kazini, ingawa sikuwa na cha kufua, tumeshinda. Muda si muda Brunila akaja, ndevu zake chache zimemkaa kama ukungu, mkononi ana mfuko wa maandazi ya iliki. Lampinen hakuwa amemwambia lolote, hilo nililiona usoni mwake. Alikuja kwa furaha.

"Yuko wapi mzee? Nataka nimwambie boksi linaondoka leo. Msimu haujaisha lakini nimeshaona. Hakuna aliyeanguka."

Tukasukuma mlango. Oiva alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amenyoa. Kidevu kilikuwa cheupe na kidogo, kama cha mtu mwingine. Birika lilikuwa sakafuni, na utepe wa boksi umekatwa.

Brunila akasimama na maandazi yake. "Umenyoa? Nusu fainali ni Jumatano. Unataka kutuletea mkosi?"

"Anayenyoa ni aliyetolewa," Oiva akasema. "Ninyi hamjatolewa. Mimi ndiye." Akanyoosha mikono yake miwili mbele, asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na vidole vilikuwa vyeupe kama alivyoniambia, kama mishumaa. Akamweleza yote, Novemba, taulo, Merikallio, kidole changu. Hakupunguza.

Kocha alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa juu ya ndoo, ile niliyokalia mimi.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Mi nilikuwa nakuja kukubakisha."

"Najua. Ndiyo maana nimenyoa kabla hujafika."

Wakaitoa mashine, ikawekwa mezani. Ikataka kujua kila mchezaji anapenda mfereji wa kina gani, na hakuna aliyejua ila mtu mmoja. Basi Oiva akakaa na kahawa yake akitaja, jina baada ya jina, mimi nikibonyeza kwa vidole vyangu vya maji. Alipomaliza ishirini na mbili akachukua sarafu yake mezani akaitia mfukoni. Akavaa koti.

"Hii haina haja na sarafu," akasema. "Ila papasa, Arvi. Hata ikikwambia iko sawa, we papasa."

Nusu fainali tulitolewa kwa mechi tano, na hakuna aliyeteleza, tulizidiwa tu. Siku hiyo wote walinyoa, sinki la chumba cha nguo likaziba. Oiva alikuja kuwaaga, mikono mfukoni. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota upya, na Mkanada akamuuliza kama anangojea kombe la mwakani.

"Nangojea Lampinen avae ile jozi mpya ya kwenye rafu," akasema Oiva.