Koti Langu Lililolambwa Mnadani

Aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu anajua tu kwamba koti langu la chuo lilipotea Same. Halikupotea. Nililiacha mbele ya umati, nimeshika suruali kwa nyuma.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mhezi, juu mlimani, na shahada yangu, nikaacha ukarani bomani ili nitengeneze matofali ya kulambwa na ng'ombe: chumvi, magadi na unga wa mifupa iliyochomwa, vikishikanishwa kwa udongo wa kichuguu. Ndama wa wafugaji wa tambarare walikuwa wakipinda miguu, nami niliamini dawa ninayo. Baba hakuamini. Alinipa kiangazi kimoja tu. Wafugaji wakikataa, narudi bomani.

Siku ya mnada wa mwisho wa kiangazi hicho nikateremka mlimani na matofali manne kikapuni, ukungu ukageuka manyunyu, nami (hapa ndipo nilipokosea) nikavua koti nikayafunika, kisha nilipokaribia mjini nikalivaa tena likiwa bichi, maana msomi hasimami mbele za watu na shati tupu. Nilipofunua kikapu nikakuta uji, na sehemu kubwa ya uji ule ilikuwa imeshaingia kotini.

Mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilimwamkia Mzee Lemburisi, mfugaji aliyesikilizwa na wenzake wote, nikapanda jiwe nikaanza kuhutubia juu ya fosforasi iliyomo mifupani. Ng'ombe wake mmoja, mbavu zinahesabika, akaja akalamba pindo la koti. Nikamsukuma kwa kiwiko, nikaendelea. Akaja wa pili, kisha ndama, mmoja akatafuna mkono wa koti na kuuvuta, nikaanguka chali, na wakati nageuka ili niinuke suruali ikapasuka pale inapopasukaga siku mbaya.

"Mwacheni," mama mmoja muuza ndizi akawaambia waliokuja kuniokoa, "ng'ombe naye anataka kusoma."

Mnada mzima ulicheka isipokuwa Mzee Lemburisi. Alikuwa amechuchumaa, anamtazama yule ng'ombe wake akilamba mkono wa koti uliochanika.

"Huyu tangu juzi hataki hata majani," akasema. "Kijana, maneno yako sikuelewa hata moja. Koti liache."

"Mzee, ni la chuo."

"Liache. Mnada ujao lete matofali, na usihutubie."

Nilipanda mlima nikitembea kwa ubavu kila nilipopishana na watu. Baba alinipokea mlangoni.

"Wamekataa?"

"Wamechukua koti. Matofali wanayataka mnada ujao."

Alinizunguka, akatazama suruali. Aliingia ndani akatoka na kinu cha mama, akakiweka miguuni pangu. "Mifupa iko wapi?"

Tangu siku ile sijavaa koti mbele ya ng'ombe, na hotuba yangu, kama ni lazima niitoe, huanza wakishamaliza kulamba.