Nyundo na Diski

Mume alishika nyundo akakiponda kioo cha kompyuta ya mkewe, vipande vikaruka hadi ukutani. Kisha akampasua mke mwenyewe mdomo kwa ngumi.

"Haya, hizo picha zako utamwonyesha nani sasa?"

Zilikuwa picha za majeraha aliyotiwa na mumewe. Jitu zima na ndevu zake, likaenda kulala fofofo kama limemaliza kazi.

Asubuhi mke, ambaye ni mwalimu wa kompyuta, alibeba hadi shuleni lile kasha la kompyuta la chini ya meza ambalo nyundo haikuligusa. Akalifungua mbele ya wanafunzi, mdomo umemvimba.

"Kioo kinaonyesha tu, wanangu. Kinachotunza ni hii diski."

Akaichomoa, akaitia mkobani. Kengele ilipolia, akashika njia ya polisi.