Sungura Aliyegeuka Mwenyekiti

Muasya alizaliwa Mbotela, akabatizwa Mbotela, na mpaka leo anaishi Mbotela, katika nyumba zile kongwe za kanjo, yaani baraza la jiji, akiendesha gari la mikate. Ni Mkamba, naam, wa kabila linalosifiwa kwa kuchonga, lakini Mkamba ambaye hajawahi kushika tezo. Babu yake alikuwa katekista, baba yake karani wa reli. Katika ukoo wao mzima aliyejulikana kwa kuchonga ni shangazi yake Wanza, naye alichonga mdomo tu.

Shida ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Watu walisikia jina, mengine wakajijazia. Siku alipokwenda kuposa kwa kina Mirriam, mzee Muturi, baba mkwe, alimtazama mikono kwa makini akasema, "Nyinyi ni watu wa vinyago." Muasya alitaka mambo yaende, akajibu, "Kidogo kidogo, mzee." Tangu siku hiyo Mirriam akawa anawaambia majirani kwamba mumewe ni fundi wa kuzaliwa, ila kazi ya gari haimpi nafasi.

Binti yao Kavinya alipotimiza miaka mitatu alikuwa ameshavunja kila kidude cha plastiki kinachouzwa kando ya Jogoo Road. Lori lilimwaga magurudumu kabla halijafika nyumbani. Mwanasesere naye alikatika kichwa kanisani, katikati ya ibada, na kichwa kikabingirika hadi miguuni pa mzee wa kanisa, ambaye alikiokota na kukitia kwenye kapu la sadaka.

"Baba Kavinya," Mirriam akasema walipotoka nje, "mchongee mtoto kitu cha mti. Hicho hakitavunjika."

"Unataka nini, mama?" Muasya akamwuliza bintiye, akiomba kimoyomoyo aseme mpira.

"Sungura," akasema Kavinya.

Juma hilo watu wa stima walikuwa wamekata tawi la mjakaranda lililokuwa likilalia nyaya. Muasya akajichukulia gogo, akaazima patasi na nyundo kwa Javan, seremala wa vitanda, na Jumamosi akaketi nyuma ya nyumba. Alianza na masikio, kwa sababu sungura ni masikio. La kushoto likakatika. Akasema basi, na awe paka. Akalipunguza la kulia, nalo likaondoka pamoja na shingo yote, kichwa kikabaki kimekalia mabega. Akahamia kiboko, mnyama asiye na madaha. Patasi ilipofika tumboni ikagonga fundo la mti, na fundo halikutaka mazungumzo. Akalizunguka, likabaki limetokeza mbele. Miguu ya mbele ilitoka vizuri. Wa nyuma ulitoka mmoja tu, mnene, umepinda kidogo upande.

Majirani walipita, wakasimama, wakainamisha vichwa huku na huku.

"Ni nini hicho, Baba Kavinya?"

"Bado hajaisha," akajibu, nao wakaondoka kwa heshima, kama watu waliojibiwa jambo zito.

Jioni akampiga msasa, akampaka mafuta ya kupikia, akampa mtoto huku akijiandaa kwa kilio. Kavinya alimgeuza, akamtazama usoni, akasema, "Huyu ni Mwenyekiti."

Mwenyekiti ni mzee Mbugua, kiongozi wa chama cha wakaazi, mtu mwenye kitambi cha heshima na shingo isiyoonekana. Mirriam alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. Kisha kicheko kikakatika, akasogea karibu.

"Baba Kavinya," akanong'ona, "ni yeye kabisa."

Maneno ya mtaa hayana breki. Jumapili alasiri Mbugua mwenyewe akabisha hodi, amevaa suti ya kanisani. Muasya akatamani ardhi ipasuke. Mgeni aliketi, akaomba aletewe huyo anayezungumziwa, na Kavinya akamleta ametapakaa ugali mdomoni, maana alikuwa akimlisha. Mbugua akavaa miwani.

"Hukunipiga picha," akasema.

"Hapana, Mwenyekiti."

"Wala hukunipima."

"Hapana."

"Hapa kwenye shavu umenipata." Akashusha sauti. "Na huu mguu. Nani alikuambia habari za mguu wangu?"

Muasya hakujua lolote kuhusu mguu wa mtu yeyote. "Huonekana tu, Mwenyekiti," akasema.

Mbugua alitikisa kichwa kama aliyeguswa na neno la Mungu, akaomba sanamu ipelekwe kwenye mkutano wa wakaazi. Kavinya akakataa kuiachia. Ikabidi waende wote. Mtoto akaketishwa meza kuu, Mwenyekiti wa mti mapajani, Mwenyekiti wa nyama kando yake akieleza habari za mtaro ulioziba. Watu walipoanza kufokeana, Kavinya aliinua mnyama wake juu akasema, "Nyamazeni." Wakanyamaza. Waliokuwapo wanasema mtaro haujawahi kuzungumzwa kwa utulivu namna ile.

Hapo ndipo Mama Jacky, msusi na kiongozi wa chama cha akina mama, alipokuja kudai sanamu yake. "Kwani meza kuu ni ya wanaume?" akauliza.

Na Muasya, lazima isemwe, alikuwa ameanza kujiamini. Alitembea mikono nyuma, akiwaangalia watu mashavu. Alikwenda saluni akaketi, akamsoma Mama Jacky akisuka. Aliporudi kwenye gogo, mti ukamtii kama ugali unavyoutii mwiko. Halikukatika sikio wala mguu. Alipopuliza vumbi, mbele yake alisimama mbuzi. Mbuzi kamili, mwenye kwato, mkia juu, na ndevu.

Mama Jacky alikuja kuchukua sanamu yake kabla Muasya hajapata pa kumficha mbuzi.

"Baba Kavinya, hizi ni nini?" akauliza, kidole kwenye ndevu.

"Ni mkufu."

"Mkufu," Mama Jacky akarudia, na uso wake ukaanza kujikunja.

Bahati ilileta Bile, mchuuzi wa mbuzi katika soko la Kiamaiko, aliyekuwa akitoka kwa mwenye bucha. Alimwona mbuzi, akachutama, akampapasa mgongo na mbavu kama anavyopapasa walio hai.

"Huyu ni safi," akasema. "Mchanga, hajazaa hata mara moja. Mifupa mizuri. Siku hizi hawaletwi kama hawa. Mama, ni wako?"

Mama Jacky, mwenye wajukuu, aliondoa kidole kwenye ndevu. Uso ukajikunjua.

"Ni mimi," akasema.

Bile akamtazama yeye, akamtazama mbuzi. "Basi hongera," akasema, akaenda zake.

Sasa mbuzi amesimama saluni mbele ya kioo, na wateja husema wanafanana. Muasya amejaribu kuwaambia watu ukweli. "Mimi sijui kuchonga," huwaambia, nao hutazamana wakisifu unyenyekevu wake. Mzee Muturi amemtumia gogo zima la mparachichi kutoka Murang'a.

Jumamosi iliyopita Mirriam alimkuta nyuma ya nyumba, tezo mkononi, vipande vimetapakaa.

"Leo unachonga nini?"

"Kavinya anataka kitanda cha kumlaza Mwenyekiti," Muasya akasema. Akakitazama kile kilichokwisha kutokea, akakigeuza upande wa pili. "Tusubiri tuone atakuwa nani."