Abiria Wanne, Injini Hakuna

Leo gari langu limejaza abiria siti ya nyuma, na bado halina injini.

Ni lile ninaloliunga mwenyewe hapa uani Kalangalala, huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu. Lile mnaloliita banda la kuku.

Leo nimefunga saspensheni mpya ya nyuma, ile ya kila tairi kupanda na kushuka kivyake. Sasa, bolti zake zinakazwa gari likiwa na uzito. Nikawaita majirani wanne wakae nyuma.

Jamani, waligombania dirisha! Mama Kulwa wa nyumba ya pili alikuja na viatu vya kanisani na mkoba.

Nipo chini nakaza, nasikia:

"Baba Neema, tunaondoka saa ngapi?"

"Hatuendi popote, Mama Kulwa. Nyie ni uzito tu."



"Si ungeweka viroba vya mawe?"

"Niliweka juzi, vikaibiwa. Mtu kadhani ni mawe ya dhahabu. Nyie nani atawaiba?"

Mimi nilidhani watacheka.

Wameshuka wote. Mlango kaufunga Mama Kulwa, na sasa umelala chini.

Imebaki bolti moja. Nani hapa ana kilo tisini na hana hasira?